USUBI WA UZI NA USUBI WA TAA: HISTORIA YA MDUDU MDOGO KATI YA NIEMBA NA MTO GURA

1.0 Utangulizi

Historia ya uvuvi katika Afrika ya Mashariki na Kati imeandikwa zaidi kwa upande wa vyombo vikubwa: majahazi, nyavu za kukokota, boti za injini. Vyombo vidogo, kama vile ndoana na kile kinachofungwa juu yake, havijapewa nafasi ya kutosha. Makala haya yanakusudia kuchunguza kimojawapo cha vyombo hivyo vidogo, nacho ni usubi wa bandia. Kwa istilahi hii tuna maana ya ndoana ndogo sana iliyozungushiwa uzi, waya na manyoya hata ikafanana na usubi, ili imnase samaki aitwaye trauti.

Ufundi huu una makazi yake katika Ulaya na Marekani ya Kaskazini, na katika Afrika ya Mashariki umestawi hasa katika nyanda za juu za Kenya. Haukuota mizizi katika eneo la Niemba, wala katika Ziwa Tanganyika ambalo maji yake hupita hapo. Hata hivyo, huko nako usubi upo, samaki wapo, na wavuvi wa ndoana wamekuwapo tangu zamani. Kwa nini basi ufundi ukashika kwingine na usishike hapa?

Jibu jepesi, lililopendwa sana enzi za ukoloni, ni kuupanga uvuvi kama ngazi: chini kabisa yupo mvuvi wa kikapu na moto, na juu kabisa yupo muungwana mwenye fimbo, mshipi na kisanduku cha manyoya. Makala haya yanakataa jibu hilo. Tunadai kuwa usubi wa bandia ni zao la mambo matatu yaliyokutana mahali pamoja: maji ya baridi, samaki anayekula mdudu mmoja mmoja, na sheria iliyokigeuza chakula kuwa mchezo. Pale ambapo mambo hayo hayakukutana, wavuvi walikabiliana na ulimwengu wa wadudu wa majini kwa njia nyingine, yenye mantiki yake kamili.

2.0 Niemba na maji yake

Niemba ni kituo katika reli inayotoka Kabalo, kwenye mto Lualaba, hadi Kalemie, mji wa pwani ya Ziwa Tanganyika ambao zamani uliitwa Albertville. Reli hiyo, yenye urefu wa kilomita 273 hivi, ilifika ziwani mwaka 1915. Nje ya Kongo jina la Niemba limejulikana kwa jambo moja tu, yaani shambulio la tarehe 8 Novemba 1960 ambamo wanajeshi 9 wa Ireland, waliokuwa katika kikosi cha Umoja wa Mataifa, walipoteza maisha. Tukio hilo limeandikwa sana. Maji ya mahali hapo hayajaandikwa.

Mto Niemba humwaga maji yake katika mto Lukuga, na Lukuga ndiyo njia pekee ya maji ya Ziwa Tanganyika kutoka kuelekea Lualaba na hatimaye bahari ya Atlantiki. Verney Lovett Cameron alifika kwenye mlango wa Lukuga mwaka 1874, na kwa miaka kadhaa baada yake wasafiri wa Ulaya walibishana kama mto ule hutoka ziwani au huingia. Ubishi huo ulitokana na mlango kuzibwa na majani na mchanga kwa vipindi. Kwa wakazi, mto unaofunga na kufungua mlango ulikuwa jambo la kawaida la maisha yao.

Kwa mada yetu, jambo la msingi ni joto. Maji ya juu ya Ziwa Tanganyika, lililoko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, huwa na joto la nyuzi 24 hadi 28 za Selsiasi. Trauti huanza kutaabika maji yanapopita nyuzi 20 hivi, na mayai yake huhitaji maji ya baridi zaidi kuliko hayo. Hivyo, hata kama mtu angeleta trauti kwa pipa zima hadi Niemba, samaki hao wasingefika kizazi cha pili. Mpaka wa kwanza wa usubi wa bandia umewekwa na maji yenyewe.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba ndoana ni ngeni katika eneo hili. Wanaisimu huhusisha neno letu ndoana na mzizi wa Kibantu *-dob-, wenye maana ya kuvua kwa mshipi. Mzizi huo unaonekana katika kitenzi -loba cha Kiluba, na katika Kibemba, ambamo ukuloba ni kuvua kwa ndoana na bulobo ni ndoana yenyewe. Kiswahili sanifu kimeidondosha konsonanti ya kati, lakini undugu wa maneno haya ungali unasikika. Lugha zinashuhudia kwamba ndoana ilikuwamo mikononi mwa watu wa bonde hili kabla ya reli, kabla ya Cameron, na kabla ya ndoana za kiwandani kuuzwa madukani.

3.0 Usubi wa bandia: asili na ufundi wake

Maelezo ya kale zaidi yanayotajwa kwa kawaida kuhusu ndoana ya manyoya ni ya Aelianus, mwandishi wa Kirumi aliyetumia Kigiriki, mwanzoni mwa karne ya 3. Alieleza jinsi watu wa Makedonia, kando ya mto aliouita Astraeus, walivyozungushia ndoana sufu nyekundu na kufunga manyoya mawili ya jogoo yenye rangi ya nta. Walifanya hivyo kwa sababu mdudu halisi aliyependwa na samaki wao alikuwa dhaifu mno. Akishikwa, aliharibika, na hakufaa kuwa chambo. Uigaji ulianza, basi, kama suluhisho la tatizo la kawaida la mvuvi anayetafuta kitoweo.

Kule Uingereza, kitabu kilichochapishwa na Wynkyn de Worde mwaka 1496 kilikuwa na risala ya uvuvi yenye kutaja aina 12 za wadudu wa kufunga. Tangu hapo elimu hii ikapanuka, na kufikia mwisho wa karne ya 19 ilikuwa imejengewa vitabu, vilabu na mabishano makali kuhusu njia ipi ni halali na ipi si halali.

Usubi ulichelewa kupewa heshima katika elimu hiyo, kwa sababu ya udogo wake. Usubi unaozungumzwa hapa ni wa jamii ya Chironomidae, ambao hauumi. Yai hutagwa majini. Buu huishi katika tope la chini, na aina nyingi huwa nyekundu kwa sababu ya hemoglobini inayowawezesha kuishi penye hewa kidogo. Kisha hugeuka pupa, na pupa hupanda polepole hadi chini ya utando wa juu wa maji. Hapo huning'inia kwa muda, gamba likipasuka mgongoni, kabla mdudu kamili hajaruka. Muda huo mfupi ndio wa hatari kwake, na ndio wa karamu kwa trauti. Samaki hupita polepole karibu na uso wa maji akiokota pupa mmoja mmoja, wala hashughuliki na chambo kingine. Katika miaka ya 1920, kwenye bwawa la Blagdon karibu na Bristol, daktari aliyeitwa Bell alikuwa na desturi ya kuyachunguza matumbo ya samaki aliowavua. Kwa yale aliyoyaona humo, alifunga ndoana za kuiga pupa wa usubi, na mfano wake ukaenea.

Ufungaji wenyewe unahitaji vifaa vichache na subira nyingi. Ndoana hupimwa kwa namba, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo ndoana inavyokuwa ndogo. Ndoana ya namba 22 haizidi urefu wa punje ya mchele. Fundi huibana katika jiliwa ndogo, akaanza kuzungusha uzi kutoka karibu na tundu la ndoana kuelekea kwenye mpindo. Juu ya uzi huzungusha waya mwembamba wa shaba kwa nafasi zilizo sawa, ili kuonyesha pingili za mwili. Kifua hufanywa kwa nyuzi mbili tatu za unyoya wa tausi, na mbele yake huweza kuachwa kishungi cheupe cha kuigiza matamvua. Mwishoni uzi hufungwa kwa fundo linalojificha chini ya mizunguko yake, kisha hutiwa tone la vanishi. Kosa linalowapata wanafunzi wengi ni kuzidisha: mzunguko mmoja wa uzi usiohitajika hutosha kumnenepesha usubi hata samaki amkatae.

Ni ufundi unaostahili heshima. Lakini tuangalie umejengwa juu ya nini: umejengwa juu ya samaki mmoja, mdudu mmoja, na mvuvi ambaye hategemei kurudi nyumbani na chakula cha kuwatosha watu 10.

4.0 Trauti anapanda milima: Gura, 1905

Mwaka 1905 Ewart Grogan, mlowezi maarufu aliyewahi kusafiri kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Kairo, alihusika katika kuleta mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Scotland. Mayai yalisafiri kwa meli na kwa reli, kisha yakapandishwa milimani hadi mto Gura, katika safu ya Aberdare ambayo Wakikuyu huiita Nyandarua. Maji ya Gura ni ya baridi na yenye kasi, na samaki wakashika. Baadaye waliletwa trauti wa aina ya pili kutoka Afrika Kusini, kikaanzishwa kituo cha kutotoa vifaranga huko Kiganjo karibu na Nyeri, na samaki wakapelekwa katika mito mingi ya Mlima Kenya, na hata katika baadhi ya mito ya Kilimanjaro, Usambara na Mbeya.

Trauti hakuja peke yake. Alifuatana na fimbo yake, leseni yake na masharti yake. Kanuni za mito ya trauti zilitambua fimbo, mshipi na ndoana ya manyoya. Mtu aliyeingia mtoni kwa kikapu, kwa wavu au kwa mnyoo alihesabiwa kuwa mwizi. Inafaa kukumbuka kwamba Wakikuyu wengi hawakuwa walaji wa samaki kwa mila. Kwa sababu hiyo, hasara yao ya kwanza haikuwa ya kitoweo. Ilikuwa hasara ya mto wenyewe: ukingo uliokuwa njia ya wote, mahali pa kuteka maji na kunywesha mifugo, ukageuka mahali ambapo mtu huulizwa anatafuta nini na ana karatasi gani.

Hapa ndipo sharti la tatu linapoonekana wazi. Maji baridi na samaki mla usubi havitoshi kuzaa utamaduni wa usubi wa bandia. Mnyoo humnasa trauti vizuri kabisa, na wavu humnasa vizuri zaidi. Ndoana ya manyoya hutawala pale tu ambapo sheria, au desturi yenye nguvu ya sheria, imewazuia watu kutumia njia zilizo rahisi.

Historia ina kejeli zake. Katika miongo iliyofuata, Kenya iligeuka kuwa mojawapo ya nchi zinazofunga ndoana za manyoya kwa wingi kwa ajili ya masoko ya Ulaya na Marekani. Katika karakana hizo wengi wa mafundi ni wanawake, nao hufunga usubi, kerengende wadogo na vidudu vya kila namna kwa kasi na usahihi ambao mvuvi wa Ulaya hajiwezi. Wanamwiga mdudu wa mto ambao hawajauona, kwa ajili ya samaki ambaye hawatamla. Atakayeandika historia ya ufundi huu na kuwasahau mafundi hao, akabaki na majina ya mabwana wa vilabu tu, atakuwa ameandika nusu yake.

5.0 Tanganyika: taa badala ya uzi

Turudi sasa kwenye maji yanayopita Niemba. Katika Ziwa Tanganyika samaki wanaobeba maisha ya watu si wakubwa wa kuokota mdudu mmoja mmoja. Ni dagaa, wanaoitwa pia ndagala huko Burundi na Kongo, na kapenta huko Zambia: aina mbili za samaki wadogo waendao kwa makundi makubwa, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji mwezi Februari 1858, dagaa walikuwa tayari bidhaa ya soko.

Kumfungia dagaa usubi wa uzi ni kazi bure. Mvuvi wa Tanganyika hakutafuta kuiga chakula cha samaki. Alitumia moto usiku ili kulikusanya kundi zima. Zamani kuni ziliwashwa katika mtumbwi na dagaa wakachotwa kwa lusenga, wavu wa mfuko wenye mpini mrefu. Kuanzia miaka ya 1950 zikaenea taa za karabai na nyavu za kuinua kati ya mitumbwi iliyounganishwa, na katika miaka ya karibuni taa za umeme wa betri na jua zimeanza kuchukua nafasi ya karabai.

Elimu iliyo nyuma ya taa si ndogo kuliko ile iliyo nyuma ya jiliwa. Mvuvi hupanga mwezi mzima kwa kufuata giza, kwa kuwa mbalamwezi huishinda taa yake. Inapendeza kuona kwamba wanasayansi waliochunguza Ziwa Viktoria walikuta baadhi ya wadudu wa ziwani nao wakifuata kalenda ya mwezi, wakiibuka kwa wingi karibu na mwezi mwandamo. Mvuvi wa taa na mdudu wa ziwani husoma saa moja.

Tofauti kati ya maziwa yetu inaongeza uzito wa hoja. Katika Ziwa Nyasa wadudu wa jamii ya Chaoborus, walio jirani na usubi, huibuka kwa mawingu makubwa yanayofanana na moshi. David Livingstone, aliyefika huko mwaka 1861, alieleza jinsi watu walivyowakusanya na kuwapika kuwa mkate, na akalitaja jina lao, kungu. Katika Kichewa neno hilo ni la mdudu na pia la ukungu, na msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kulitambua. Katika maji ya wazi ya Tanganyika mawingu hayo hayapo, na wanabiolojia wengi wanalihusisha jambo hilo na dagaa, ambao wangewala mabuu hao kabla hawajapata nafasi ya kuzaana.

Ilifuata kwamba watu walianza kumhamisha samaki wa Tanganyika, kama Grogan alivyomhamisha trauti. Kati ya mwaka 1958 na 1960 dagaa walichukuliwa kutoka Tanganyika hadi Ziwa Kivu. Kati ya aina mbili, Limnothrissa ndiyo iliyoishi, nayo leo huitwa sambaza. Sikio la Kiswahili husikia humo kitenzi kusambaza, ingawa kufanana kwa sauti hakutoshi kuwa ushahidi wa asili. Mwaka 1967 na 1968 samaki huyo huyo alipelekwa bwawa la Kariba. Yalitolewa pia mapendekezo ya kumtia Ziwa Nyasa ili ale kungu, lakini hayakutekelezwa; utafiti wa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba samaki wa Nyasa wenyewe, wakiwamo usipa, tayari huwala mabuu hao.

Tukiweka uhamisho huu kando ya ule wa mwaka 1905, tofauti inajieleza. Trauti alihamishwa pamoja na sharti la namna ya kumvua. Sambaza alihamishwa ili aliwe, naye akafuatwa na nyavu na taa. Wote wawili walipelekwa na wageni wenye mamlaka. Lakini mmoja alizaa leseni na kisanduku cha manyoya, na mwingine akazaa soko la Goma na Bukavu.

6.0 Suala la istilahi

Kwa taarifa hii, ni jambo la lazima kugusia lugha. Anayetafsiri vitabu vya uvuvi huu kutoka Kiingereza huelekea kuandika nzi, kwa kuwa neno moja la Kiingereza hubeba nzi, usubi na wadudu wengine warukao. Tafsiri hiyo inapotosha. Katika Kiswahili nzi ni mdudu wa jikoni na wa kidonda. Hana uhusiano na pupa aning'iniaye chini ya utando wa maji. Tunapendekeza ndoana ya manyoya kwa jumla ya aina zote, na usubi wa bandia kwa aina hii ndogo. Kitenzi kufunga kinatosha kwa kazi yenyewe, kwani kimekwisha zoea mafundo ya mvuvi. Istilahi zinazotokana na maneno yaliyomo tayari humwezesha mwanafunzi kuona kwamba ufundi wa mbali unagusa mambo anayoyajua.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba usubi wa bandia haukukosekana Niemba kwa sababu ya upungufu wa akili au wa mikono. Maji yalikuwa ya joto, samaki walikwenda kwa makundi, na hapakuwa na sheria ya kumlazimisha mvuvi kuacha njia inayolisha watu.

Somo hili halikuisha na ukoloni. Mwaka 2003 watafiti walionyesha kwamba kuongezeka kwa joto kumepunguza mchanganyiko wa maji ya Ziwa Tanganyika, na pamoja nao chakula cha samaki. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika upande wake wa ziwa kwa miezi 3, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Hatua kama hizo zaweza kuwa na sababu njema. Lakini kila sheria ya uvuvi huamua, kwa kutaka au kutotaka, ni chombo gani halali, na kwa hiyo ni ujuzi wa nani unaohesabiwa. Mito ya Gura na Mathioya inatufundisha nini hutokea sheria inapotungwa na watu wanaokijua chombo kimoja tu.

Hapana budi, basi, wanafunzi wa Kiswahili na wa lugha jirani waende Niemba, Kalemie na vijiji vya Lukuga kuandika majina ya ndoana, mishipi, nyavu, wadudu na nyakati za mwezi, wakati ambapo waliovua kwa kuni na karabai wangali wanaweza kuyataja. Usubi wa uzi umeandikiwa vitabu tangu 1496. Usubi wa taa bado unangoja kitabu chake cha kwanza katika lugha za wale wanaouvulia.